Lifuteni Neno "Mkulima"

Ntalikwa,
Tabora.
9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Gerson,

Marahaba, mdogo wangu. Shikamoo yako imenifikia salama. Hujambo na baridi ya huko kusini? Wifi yangu Advera na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto linaleta ubishi kila nikiinama kung'oa karanga. Mahindi tumeshavuna, na mizinga aliyoacha shemeji yako bado ina nyuki.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema msimamizi wako alikuita ofisini, akauliza kama Getruda wa Tabora ni dada yako, kisha akakushauri uniambie nipumzike. Nimekuelewa. Una kazi, una watoto shuleni. Lakini jibu naliweka hapa mapema usipate tabu ya kulitafuta: sipumziki.

Wewe ulikuja mazishini ukaondoka kesho yake, kwa hiyo mengine huyajui. Shemeji yako Festo alichimba makaa ya mawe kwenye mgodi huohuo ulipo wewe miaka kumi na tisa, na ndiye aliyekutafutia kazi hiyo uliyo nayo. Aliporudi alikohoa mwaka mzima, mpaka picha ya kifua ikaonyesha saratani ya mapafu. Tulipomaliza matanga nikakaa kupanga makaratasi yake ya hospitali. Kila fomu, mahali palipoandikwa "Kazi", karani amejaza "Mkulima". Miaka kumi na tisa chini ya ardhi, halafu karatasi inasema aliugua akipalilia karanga!

Nikaenda mtaa wa Ng'ambo kwa Shomari, yule fundi cherehani aliyechimba pamoja naye. Ana ugonjwa uleule, na kadi yake inasema "Mkulima". "Dada Getruda, mimi hata jembe sina," akaniambia, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Nikapanda treni hadi Kaliua kwa Minza, mjane wa Yoramu. Naye kadi ya mumewe ni hiyohiyo. Gerson, walioondoka hapa pamoja na Festo kwenda mgodini walikuwa wanaume kumi na mmoja, naye akiwemo. Watano wamepata saratani ya mapafu. Watatu tumeshawazika.

Mimi si daktari. Sisemi najua kilichomuua kila mmoja. Nasema wahesabiwe. Mtu anachimba huko, anakuja kuugulia kwao, anazikwa kama mkulima, halafu mgodini wanasema hawana mgonjwa hata mmoja.

Mwezi uliopita afisa wa kampuni alifika hapa nyumbani na gari. Nikampa kiti na maji ya kunywa. Akatoa karatasi.

"Mama, hapa kwenu ni nchi ya tumbaku," akasema. "Ugonjwa huu tunajua unatoka wapi. Weka sahihi, tufunge faili la marehemu."

"Unaona bani la kukaushia tumbaku hapa?" nikamwuliza. "Hatujalima hata tuta moja. Na Festo hakuwahi kuvuta sigara maisha yake yote."

"Ukikataa, hatutarudi tena."

"Kwani nilikuita?"

Akaondoka na karatasi yake ikiwa nyeupe kama alivyokuja nayo.

Basi Alhamisi iliyopita tukaenda hospitali, mimi, Minza na Shomari, na mikataba ya kazi ya wote watano ndani ya mfuko wa sukari. Karani akasema haiwezekani kubadilisha kazi iliyoandikwa, fomu zimeshafungwa. Tukakaa palepale kwenye benchi. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Mwishowe akatoka Daktari Urmi, binti wa mzee Navin wa duka la vyuma. Akasoma mikataba yote, mmoja mmoja, akiwa amesimama.

"Lifuteni neno 'mkulima'," akamwambia karani. Karani akasita. Daktari akachukua kalamu mwenyewe, akalikata, akaandika juu yake: "Mchimbaji wa makaa ya mawe, miaka 19." Akatia sahihi, akagonga muhuri. Akafanya hivyo kwa wote watano, na akasema majina hayo atayapeleka kwa wanaoorodhesha wagonjwa wa saratani nchini. Minza alilia. Mimi sikulia, nilitamani kupiga meza.

Watu wetu walitoka hapa tangu enzi za misafara, wakibeba pembe za ndovu za matajiri hadi pwani. Waliokufa njiani hakuna aliyeandika majina yao. Hawa wetu wameandikwa. Mwambie hivyo msimamizi wako, au usimwambie, mimi nitamwandikia.

Sasa la mwisho, na hili ni lako. Advera amenipigia simu. Anasema tangu Pasaka unakohoa asubuhi na umemkataza asiniambie. Ukishasoma barua hii omba ruhusa, nenda hospitali kubwa ukapigwe picha ya kifua. Wakikufukuza kazi kwa sababu hiyo, rudi nyumbani. Ardhi ipo na chumba kipo. Mume nimemzika. Ndugu yangu sitaki kumzika, nataka uje uzeeke hapa, tugombane kila siku.

Shomari anakusalimu, wiki ijayo anaanza matibabu Mwanza. Minza anakusalimu pia. Wabusu watoto, waambie shangazi yao ana asali mpya. Mungu akulinde kila unaposhuka na kila unapopanda.

Mimi dada yako, mkaidi anayekupenda,

Getruda