Chembe za Kila Jumamosi

Plovdiv, 4 Machi

Yoana binti yangu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Porto, wewe na mumeo. Mimi moyo wangu unapiga unavyotaka wenyewe. Daktari anasema cheri zitakazoiva Juni mwaka huu huenda nikazila. Za mwakani nisizitegemee. Naandika kwa sababu kwenye simu nusu ya maneno yako siyasikii, na nusu nyingine nayabuni.

Silielewi tangi la kioo la maji ya bahari la marehemu kaka yako Kalin. Matumbawe yake yamepauka. Lile la zambarau, alilolipanda likiwa dogo kama ukucha, linabambuka nyama kutoka chini, mfupa mweupe unaonekana. Zile chembe nyekundu kama kutu, zinazonyonya fosfeti majini, nazibadilisha kila Jumamosi nikitoka kaburini kwa Kalin. Wenzangu huacha kwenda kila Jumamosi siku arobaini zikiisha. Mimi sikuacha kaburi, wala chembe sikuziacha. Maji yanang'aa kama hewa. Sasa mbona matumbawe yanakufa? Au nachelewa kuzibadilisha? Mtu anajuaje kwamba zimechoka, na kwa macho ni zilezile?

Baba yako,
Nedyalko

Porto, 15 Machi

Baba, naubusu mkono wako.

Sisi wazima, ila mvua haikatiki. Meza dawa zako, usizimwage kwenye chungu cha maua, nakujua.

Baba, umeyafungisha matumbawe Kwaresima ya miezi tisa, tangu Kalin afariki! Matumbawe nayo yanakula fosfeti, kidogo tu. Ikizidi, mwani unafunika kioo. Ikiisha kabisa, yanakufa njaa. Chembe hazijui Jumamosi. Pima maji mara mbili: ya tangini, na yanayotoka kwenye mrija wa chujio lenye chembe. Yanayotoka yakiwa na fosfeti kidogo kuliko ya tangini, chembe bado zinafanya kazi, ziache. Namba zikilingana, maji yanapita bure. Hapo ndipo ubadilishe.

Kalin lazima alikueleza. Ulisahau?

Binti yako,
Yoana

Plovdiv, 27 Machi

Binti yangu,

Natumaini mvua imewahurumia. Mimi napanda ngazi kwa mafungu.

Nimepima. Dawa ya kupimia inageuza maji kuwa bluu, unalinganisha na kadi, lakini macho yangu hayatofautishi bluu na bluu. Nikamwita Tsvetana wa ghorofa ya chini.

"Miaka arobaini umefundisha Kilatini, mwalimu, leo rangi ya watoto wa chekechea inakushinda?"

"Soma tu, mama."

"Tangini sifuri nukta sifuri tatu. Mrijani sifuri. Bado zinafanya kazi. Kaa chini!"

Nikakaa. Ilikuwa Jumamosi na mikono haikujua ifanye nini.

Umeniuliza kama nilisahau. Sikusahau, Yoana; nilikuuliza ili nipate pa kuanzia. Kalin alinieleza yote hayo akiwa kitandani hospitalini. Siku hiyohiyo akasema, "Baba, mwite Yoana." Nikamwambia tungoje majibu ya Jumatatu, tusikutishe bure. Jumatatu nikasema tungoje Alhamisi. Siku kumi na moja, na kila siku alikuwa akiutazama mlango. Kisha nikakupigia kukwambia amefariki, na kwamba ilitokea ghafla. Haikutokea ghafla.

Tangu hapo kila kitu naona nimekichelewesha. Najua chembe hazijachoka, na bado nazitoa. Sijielewi. Nilitaka ulisikie hili kutoka kwangu, nikiwa bado naweza kushika kalamu.

Baba yako

Plovdiv, 22 Aprili

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Sijapata jibu. Sijui ni posta au ni wewe. Pasaka imepita, yai lako jekundu nimeliweka karibu na picha ya Kalin.

Jana Tsvetana alipima mara tatu, maana sikumwamini. Sifuri nukta sifuri tano tangini, sifuri nukta sifuri tano mrijani. Zimelingana. La zambarau limeacha kubambuka. Chembe mpya nimezisuuza mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, zipo mezani. Sijazitia.

Daktari naye alikuja jana. Cheri hazitaji tena. Mara ile nilingoja; sasa nakwambia siku moja tu baada ya kujua. Njoo.

Baba

Ujumbe kwenye simu ya Tsvetana, 29 Aprili

Mama Tsvetana, naomba umsomee Baba, kwa sauti kubwa.

Baba, barua yako ya Machi niliitia kwenye droo ya visu. Kila nikikata mkate naiona. Nina hasira nawe, na sijui zitaisha lini. Hizi hazina mrija wa kupimia. Usidhani nimesamehe.

Natua Sofia kesho asubuhi, nashika basi la kwanza. Chembe usiziguse, matumbawe hayatakufa kwa siku moja. Nitazibadilisha mimi. Wewe kaa kwenye kiti chako uniambie Kalin alisema nini kila siku ya zile kumi na moja. Zote, usiruke hata moja.

Na yai langu asilile mtu.

Binti yako