Karani na Ubani wa Alhamisi

Alhamisi, 7 Agosti 2025
Eda imekwisha. Miezi minne na siku kumi — nimechoka hata kufurahi siwezi. Mama mkwe, Bi Kuruthumu, kaja na chetezo chake, kafukiza udi chumba hadi chumba. Nyumba imenukia kwa mara ya kwanza tangu Masoud wangu afariki. Anasema kila Alhamisi atakuja kumchomea mwanawe ubani. Sikumkatalia. Karani kakimbilia uvunguni. Paka wa Masoud huyu — kazi yake ilikuwa kulalia madaftari ya wanafunzi yakisahihishwa, ndiyo akaitwa Karani.

Jumapili, 10 Agosti
Karani anakohoa. Anajikunyata, shingo kaivuta mbele, kama anataka kutapika — na hatapiki kitu. Biubwa jirani anasema kameza manyoya, mpe mafuta ya nazi. Nimempa. Kanitia makucha. Ahsante ya punda!

Jumanne, 12 Agosti
Leo asali na habasoda. Bi Kuruthumu anasema paka ana majonzi, anamlilia bwana wake. Huenda. Mbona mimi nina majonzi na sikohoi?

Alhamisi, 14 Agosti
Ya Rabi nisamehe. Baada ya ubani wa alasiri Karani alianza kupiga filimbi kifuani. Mama mkwe akasema mtoto akibanwa kifua hufukizwa, paka vivyo hivyo. Nikamfunika kanga, chetezo ndani. Kwa mikono yangu mwenyewe! Akatoka mdomo wazi, ufizi umegeuka buluu. Nikamtia kikapuni, bodaboda mpaka Dunda kwa Yunus, daktari wa mifugo. Sindano mbili. Akapumua. Nikakaa sakafuni nikalia, mbele ya watu na mbuzi wao.

Ijumaa, 15 Agosti
Ni pumu. Sikujua kama paka huugua pumu. Daktari kauliza: nini kilibadilika nyumbani? Nikasema hakuna, nimetoka eda tu. Akamsikiliza tena Karani kifua. Halafu: wakati wa eda mlikuwa mkichoma udi?
La. Mwenye eda hajitii manukato, na nyumba nilisema isifukizwe. Miezi yote ile paka hakukohoa hata mara moja. Kabla ya hapo alikohoa kila nikifukiza nguo, Masoud akimcheka: karani mvuta sigara. Nilikuwa nimesahau.

Jumatatu, 18 Agosti
Pampu ya dawa ya pumu asubuhi na jioni, ile ya watoto, yenye kopo na barakoa. Nahesabu pumzi kumi. Ananichukia. Daktari kasema nisiache hata akionekana mzima. Mafuta na asali niweke kando, havifungui kifua. Vumbi nifute, madirisha wazi, moshi marufuku. Hata ubani? "Hata ubani, dada yangu."
Nani atamwambia Bi Kuruthumu?

Alhamisi, 21 Agosti
Nimemwambia. Mlangoni, baada ya shikamoo, makaa yameshakolea. Mama, moshi huu ndio unaomuua Karani. Akanitazama.
"Adila, na mwanangu je? Nani atamkumbuka, paka?"
 Nimechoka, wallahi. Nikasema tutamsomea Yasini bila moshi. Akageuka — nikajua anaondoka kwa hasira. Kumbe kaenda uani kuyamwagia makaa maji! Akarudi mikono mitupu, akakaa kiti cha Masoud.
Na Karani, aliyemkimbia wiki mbili, akatoka uvunguni akampandia mapajani. Bi Kuruthumu kamkumbatia, kambana kifuani, analia. Tangu mazikoni sijamwona akilia. Mwanangu, mwanangu, anasema.
Nimeingia chumbani kuchukua pampu, naandika nimesimama. Mlango uko wazi, nawaona. Buibui lake limekolea udi wa miaka — harufu inanifikia mpaka hapa! Karani kaanza kuvuta shingo mbele. Bado hajakohoa. Na mama bado analia, uso kauzika kwenye manyoya ya paka. Namtoaje Karani mikononi mwake?