Kikombe Ulichonimiminia Kwenye Trekta

Kwako Babu Mwongo,

Mkono wangu wa kulia umevunjika, lakini hata wa kushoto unaandika kukushinda. Nasikia huko wodini unawaambia wauguzi, "Hicho kijana hakijui kuendesha!" Trekta naimudu kuliko wewe! Nani alinimiminia pombe ya mchele tukitoka shambani, nami nina miaka kumi na tano? Ningekataaje? Kwa desturi yetu, kikombe cha mzee hupokelewa kwa mikono miwili, na mtu hugeuza uso pembeni anapokunywa. Nikaachia usukani, nikageuka, tukaingia mtaroni, nyonga yako ikavunjika.

Sasa Mama ananiita mlevi. Nikimwambia ukweli, atakupeleka nyumba ya wazee kesho. Basi nimenyamaza. Pona haraka, nije nikutukane ukiwa umesimama.

Mjukuu wako mwenye adabu zake,
Tae-yul