Rubani Aliyemshika Tata Mkono

Mama mpenzi,

Tumefika Kinshasa salama, ila joto la huku linatuchemsha. Pale Kolwezi ndege ilisimama mbali na jengo, kwa hiyo tulitembea juani mpaka kwenye ngazi. Hapo goti la baba, Tata wetu, likagoma, na abiria wakasongamana nyuma yetu. Rubani akashuka mwenyewe. Kumbe ni Ngalula, binti wa jirani yetu!

“Tata, shika mukono yangu. Tutapanda polepole.”

“Ni weye utaendesha?”

“Ndiyo, Tata, ni mi.”

Tata akawageukia watu wote: “Muone! Huyu ni mutoto wa kwetu!” Akapanda akicheka.

Nenda leo ukawaambie wazazi wake kwamba ametua taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Tunakukumbatia sana.

Mwanao, Kabedi