Nyundo Maabarani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na unalala bila kuamshwa na maumivu. Asante kwa shuka ulizotuma. Wifi amejifunika moja, anasema inanukia nyumbani.

Umeniuliza kaka aliangukaje ngazini. Keti kwanza, ndipo usome.

Unajua ile dawa ya dripu iliyokuwa ikipunguza uvimbe wa wifi ilifika mahali ikagonga mwamba. Jioni moja kaka alipita kwangu, bado kavaa aproni yake ya kuchomelea, akaniuliza hasa nafanya kazi gani. Nikamweleza kwamba dawa kama ile huganda kwenye DNA, ule uzi wenye maagizo ya kila seli, ukaharibika hadi seli ya saratani ishindwe kuzaliana, ife. Lakini wapo bakteria wa udongoni wanaotengeneza wenyewe sumu ya namna hiyo na isiwaue, maana wana kimeng'enya, protini ya kazi ndani ya seli, kinachong'oa kipande kilichoharibika, na vimeng'enya vingine huja nyuma yake kuziba pengo. Kaka akasema, "Kumbe unawafuga wanaoishinda dawa ya mke wangu." Nikacheka. Nikamwambia hao hawamo mwilini mwa wifi; tunawachunguza ili siku moja ipatikane dawa isiyong'oleka. Ila mtu aliyekata tamaa husikia nusu ya neno, tena nusu inayouma.

Kesho yake daktari alimwambia wazi kwamba dawa imeshindwa. Mchana kaka akaingia maabarani kwetu na nyundo. Mlinzi alimpisha, anamjua. Alianza na kabati la joto tunamooteshea bakteria. Mlango ukaruka, visahani vikapasuka sakafuni, naye akavikanyaga kama anayeua nge. Mwenzangu tunayemwita Miwani alimkamata kiuno, akarushwa juu ya meza ya vioo, shavu likachanika, damu ikamjaa mdomoni. Nilimsihi kaka kwa jina la marehemu baba. Hakusikia. Akaligeukia jokofu.

Humo, Mama, mlikuwa na vipande vya uvimbe wa wagonjwa, cha wifi kikiwamo, ambavyo madaktari walingoja tuvipime ili wachague dawa nyingine. Nilipiga kelele kwamba anamuua mkewe. Nyundo ikashuka, mlango ukabonyea. Nikanyakua nguzo ya chuma ya kushikia chupa, nikampiga mkono. Niliusikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Nyundo ikaanguka, naye akapiga magoti.

Hakuna ngazi, Mama. Na lililo baya zaidi kaka hatakwambia: alipokuwa amepiga magoti, hana kitu mkononi, nilimpiga tena, palepale palipovunjika. Pigo la kwanza lilikuwa la kuokoa jokofu. La pili nilitaka aumie.

Jokofu halikufunguka. Wifi ameanzishiwa dawa nyingine, bado hatujui kama itashika. Mimi nimesimamishwa kazi. Miwani kashonwa shavu, amekataa kumshtaki mtu. Kaka ndiye aliyebuni hiyo ngazi, ili usinichukie. Anakaa kando ya kitanda cha mkewe, mkono kwenye plasta ngumu, haniangalii usoni. Jana wifi alitufokea kwamba mgonjwa ni yeye, tusimgeuze uwanja wa ngumi, kisha akageukia ukutani.

Nisalimie mama mdogo na wanangu wote wa hapo nyumbani. Kaka anakuja kukuona Jumamosi. Usinijibu kabla hujauona mkono wake.

Ni mimi binti yako,
Kitinda mimba