Maputo Kumi na Tisa na Shavu la Shemeji

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkeo na watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha. Sisi ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakula, analala, na anagombana na redio kama kawaida yake.

Ukiona herufi zinapanda na kushuka, usidhani nimezeeka ghafla. Barua mbili zilizopita aliandika binti yangu, mimi nikisema naye akiandika, akachomeka na maneno mazuri ambayo mimi siyajui. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono huu huu wa kulia uliovunjika.

Uliniuliza mkono unaendeleaje, na kama nitauza kiti cha kunyolea nije huko nishike ile kazi ya kulinda geti uliyonitafutia. Nakushukuru sana. Ndugu wengine wangesema pole wakalala. Ngoja nikueleze yalivyokwenda, halafu nitakujibu.

Plasta ilitolewa mwezi wa nne. Mfupa umeunga, lakini kifundo hakigeuki chote na vidole vinatetemeka, hasa asubuhi. Daktari alisema huenda ikaisha na huenda isiishe. Simlaumu mtu. Ni mimi niliyepanda juu ya bati la kibanda changu cha kunyolea nikiwa na kandambili miguuni.

Fundi viatu akitetemeka anaweza kuficha. Kinyozi hawezi, maana kioo kiko mbele ya mteja. Siku niliyofungua tena kibanda alikuja mwalimu anayekaa ng'ambo ya barabara, niliyemnyoa miaka kumi na moja. Nikainua wembe, akatazama kioo, akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Yeye ni kapera, anakula mgahawani. Baada yake habari zikaenea. Siku tisa kiti kilikaa kitupu. Nilikuwa nakifuta vumbi, nakizungusha, nakifuta tena.

Nikawaza nilivyofundishwa kazi. Yule mzee tuliyemwita Chumvi kwa sababu ya ndevu zake nyeupe hakuniruhusu kugusa uso wa mtu mpaka ninyoe puto. Unalipuliza, unalipaka povu la sabuni, unalikwangua kwa wembe mpaka libaki safi bila kupasuka. Basi nikanunua maputo. Kila siku baada ya sala ya asubuhi niliketi uani nikaanza upya, mtu wa miaka hamsini na mbili. La kwanza lilipasuka wembe haujatulia hata kidogo, povu likaniingia machoni. Mama akauliza kutoka ndani, "Leo wamemuua nani?"

Yalipasuka kumi na nane. Siku nyingine nilicheka, siku nyingine sikucheka. Nakwambia wewe kwa sababu ni wewe: kwenye lile la kumi na mbili nililia kidogo, nikaisingizia sabuni. Mke wangu alinipa taulo. Sikumwomba Mungu aniponye mkono. Nilimwomba uvumilivu wa siku moja tu, na kesho yake nikaomba tena wa siku moja.

La kumi na tisa lilibaki zima. Nikampelekea mke wangu likiwa safi, linang'aa. Akasema, "Hongera. Sasa tafuta wateja wenye vichwa vya hewa."

Hapo ndipo anaingia shemeji, kaka yake, yule seremala. Unajua tunavyotaniana. Tangu nianguke kutoka kwenye bati jina langu kwake ni Rubani. Alikuja Jumatatu na ndevu za wiki mbili, akaketi kitini bila hata kusalimia.

"Haya Rubani, ninyoe. Na usinitazame kama maiti."

"Shemeji, mkono haujakaa sawa."

"Uso wangu nao haujawahi kukaa sawa. Endelea."

Akafumba macho. Kazi ya dakika kumi na tano niliifanya saa nzima. Nilishika kifundo cha kulia kwa mkono wa kushoto, nikawa nabana pumzi kila wembe ulipogusa ngozi. Yeye ambaye hanyamazi hata msibani hakutoa neno. Mwisho akafumbua macho, akajitazama, akasema, "Dada yangu hakukosea sana kuolewa nawe," akatoka.

Lakini hakwenda kazini. Aliketi kwenye benchi langu la nje mpaka adhuhuri, akiwapa wapita njia shavu lake. "Gusa," aliwaambia. "Gusa, usiogope." Muda wote mkono wake wa kushoto ulishika sikio. Mwalimu alipomuuliza ana nini, alisema sikio linamuuma tangu jana.

Nilipokunja taulo lake ndipo nikaona doa la damu. Nilimkata chini ya sikio wala sikuhisi, naye hakushtuka. Sijamwambia kwamba najua.

Kesho yake mwalimu akaja. Kabla hajaketi alikizungusha kiti, kioo kikabaki nyuma yake. Nimekiacha hivyo hivyo. Sasa wateja wanatazama barabara na kuwasema wanaopita, na mimi natetemeka kwa nafasi yangu. Siku nzuri wanafika watano, siku mbaya mmoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kiti siuzi. Ile kazi ya geti mpe mwenye shida kunizidi, na Mungu akulipe kwa kunifikiria.

Nisalimie mkeo, na yule mtoto wako Kifungo, mwambie baba mkubwa amemwekea puto moja zima. Mama anakubariki, mke wangu na binti wanakusalimu. Mungu akulinde utokapo na uingiapo.

Na ukimwandikia shemeji, tafadhali, usitaje sikio.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye vile vile,

Rubani.