Barua za Kabula Zilizokataa Kutoka

Jumanne. Tangu asubuhi wingu limetanda juu ya Tabora na mvua haishuki. Joto limenibana, ila moyo ni mwepesi, na nataka niandike kabla wepesi huo haujapita.

Jana Milembe, binti wa rafiki yangu Kabula, alinipigia simu kutoka Mwanza. Mama yake ameanza kupotewa na kumbukumbu. Kuna siku anamwita yeye kwa jina la shangazi yake marehemu. Milembe aliomba nimtumie barua pepe zote ambazo mama yake aliniandikia, apate kumsomea.

Kabula nilimfundisha kusoma mimi. Enzi za vijiji vya Ujamaa nilikuwa mwalimu kijana, nikapangiwa kijiji kipya upande wa Puge, ambako watu walikuwa bado wanaezeka nyumba zao. Alasiri watu wazima walikuja darasani wakitokea shamba la pamoja. Kabula alikuja na mtoto mgongoni, akaegemeza jembe ukutani, akashika chaki kama mtu aliyepewa yai. Uzeeni, alipohamia kwa Milembe, akajifunza kompyuta kwa kidole kimoja na kuanza kuniandikia: kisima tulichochimba, pamba, wazee waliolia kwa kuyaacha makaburi ya wazazi wao.

Basi leo nikakaa mbele ya kompyuta yangu mpya. Wiki iliyopita Hamisi, fundi wa hapa mjini, alinihamishia humo barua zote za ile ya zamani. Nikazikusanya za Kabula, nikabonyeza tuma.

Ikakataa.

Nilidhani mzigo ni mkubwa. Nikajaribu barua ya neno moja, habari. Nayo ikakwama. Nikafungua ukurasa wa magazeti, ukafunguka, kwa hiyo mtandao haukuwa na kosa. Cha ajabu, barua za watu zilikuwa zinaingia. Zangu tu ndizo hazitoki.

Nakiri nilimlaani Hamisi moyoni. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Niliporudi nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, barua nilizihamisha zote, ila nenosiri huwa halihami. Uliliandika upande wa kupokea. Hebu angalia upande wa kutuma."

Nikavaa miwani, nikafungua mipangilio. Kupokea kuna mahali pake, kutuma kuna pake. Hapo pa kutuma palikuwa patupu: hakuna jina, hakuna nenosiri. Miaka yote nilidhani ni mlango mmoja. Nikajaza vyote viwili, herufi moja moja, nikahifadhi. Ile barua ya neno moja ikaondoka. Nikatuma za Kabula, nazo zikaondoka zote.

Nilicheka peke yangu sebuleni.

Baada ya sala ya alasiri Milembe akapiga. Alikuwa amemsomea mama yake barua ya kisima, na katikati mama akamkatiza kumsahihisha: kisima kilichimbwa kabla ya shule, si baada. Akataja na majina ya wanawake waliobeba udongo. Kisha akaitaka simu.

Sikujua atanitambua au la. Nikamwamkia kwa jina lake.

"Mwalimu," akasema, "nilikuuliza kitu kwenye barua, hujanijibu."

Ni kweli. Barua yake ya mwisho imekaa kwangu miezi minane. Aliniuliza kama siku ile ya kwanza darasani, mbele ya watu walionizidi umri, niliogopa. Niliisoma, nikasema nitajibu nikitulia, na sikutulia. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikamwambia naandika leo. Akasema ataisoma mwenyewe, Milembe asimsomee.

Sijui kesho ataamka akikumbuka nini. Hilo si langu kulijua. Nimeifungua barua yake sasa hivi, na nimeanza hivi: Kabula, niliogopa sana, mpaka wewe ulipokaa mbele.